Vitabu vya picha kwa watoto wadogo: vile sisi tunasoma kwetu, pamoja na bibi asiyejua ABC

Siku ya kwanza mama mkwe wangu kumpakata mjukuu wake na kitabu cha picha alikifungua kwa nyuma. Sio kwamba vitabu havijui, huyu ni mtu amesoma chuo, yaani madrasa, na mpaka leo alfajiri utamkuta na msahafu wake, ila hizi herufi za shule hakuwahi kufundishwa, na msahafu si unafunguliwa kutoka upande wa kulia, basi yeye kitabu chochote anakishika hivyo hivyo. Akaanza na ukurasa wa mwisho, kuku amelala ndani ya tenga na vifaranga vyake, akasema "haya, huyu kuku leo amechoka, hebu tuone alikuwa wapi mchana kutwa", wakaanza kumfuatilia kinyumenyume kama polisi, kumbe alipita kisimani, kumbe alikimbizwa na mbwa, kumbe aliiba mahindi ya watu, mpaka wakafika mwanzo kuku anatoka nyumbani asubuhi msafi hana hata tope. Mwanangu wakati huo alikuwa na miaka mitatu na kitu, alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Na mie kile kitabu nilikuwa nshamsomea siku mbili mfululizo, vizuri, kwa mpangilio, maneno yote, na wala hakunisikiliza, alikuwa anavuta vuta ukurasa tu.

Kosa langu lilikuwa mie nasoma maneno na yeye anasoma picha. Tuko kitabu kimoja lakini kila mtu na safari yake. Tangu siku hiyo nimewalea watatu na vitabu vya picha, mkubwa ana saba sasa, wa katikati ndo yuko PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, na kitindamimba ana mwaka na miezi miwili na kazi yake ni kutafuna, kwa hiyo haya ntakayoandika ni yale nimeyaona yakifanya kazi kwetu, nyumba ya vyumba viwili Kisauni, Mombasa, baba watoto yuko bandarini kwa shifti, stima, yaani umeme, inapotea itakavyo.

Kuchagua kwanza

Ukiwa dukani au kwa muuzaji wa mtumba, ziba maneno kwa kiganja upitie picha peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiweza kujua nani anataka nini na limemkuta jambo gani, chukua. Ukiona picha ni pambo tu, yaani maneno yanasema mtoto ana mpira na picha ni mtoto ameshika mpira anakukodolea macho kama picha ya kitambulisho, rudisha. Kitabu kizuri picha inakwambia kitu ambacho maneno yamenyamaza. Maneno yanasema mama amelala, kumbe pichani paka yuko juu ya meza na mkia wa samaki unaning'inia mdomoni, na maneno hayamtaji huyo paka hata mara moja mpaka mwisho. Mtoto atamuona kabla yako, nakuhakikishia, na hiyo raha ya kuona kitu mama hajakiona ndo itamrudisha kwa kitabu kila siku.

Sasa bei. Vitabu vipya ni ghali, tangu ile sheria ya VAT ya 2013 vitabu navyo vinakatwa kodi kama sabuni, na cha picha kina rangi ukurasa mzima kwa hiyo kinauma zaidi. Mie vingi nimenunua kwa wale wa vitabu vya mtumba mjini, na siri moja ni usiende Januari. Januari wote wako kwa vitabu vya shule, wazazi wanasukumana na orodha mkononi, vile vya picha vimelaliwa chini kabisa na muuzaji hana muda wa kukutafutia. Nenda mwezi wa pili au katikati ya muhula, kaa chini kwenye kigoda, pekua taratibu, na bei itashuka yenyewe maana mwenyewe amechoka kuvibeba.

Na ukinunua mtumba hesabu kurasa. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, sababu ni ya kiwandani, karatasi moja kubwa ikichapwa pande mbili ikakunjwa inatoa kurasa 16, mbili ndo 32. Kwa vile vyembamba vilivyopigwa pini katikati kuna njia rahisi zaidi: fungua pale pini zinapoonekana, hesabu karatasi za kushoto, hesabu za kulia, lazima ziwe sawa, maana kila karatasi ya kushoto imeungana na mwenzake wa kulia. Zikipishana kuna iliyong'olewa. Zikiwa sawa bado pitia hadithi haraka haraka maana saa ingine karatasi nzima inatoka na pande zote mbili. Mie haya nilijifunza baada ya kuuziwa kitabu cha mvuvi na pweza kimekatika mwisho, mvuvi yuko chini ya maji, pweza amemshika mguu, ukifungua unakuta jalada. Ntakwambia baadaye tulifanyaje.

Angalia pia pini zenyewe. Zikishaanza kutu hapa kwetu na hii hewa ya chumvi hazichukui muda, zinachora alama ya kahawia halafu zinakatika na mtoto anaweza kujichoma nazo. Harufu nayo inusie, kitabu kilichonuka ukungu dukani nyumbani kitanuka zaidi na kitaambukiza wenzake.

Umri sitaki kuzungumza sana manake watoto hawafanani, lakini kwa kifupi. Bebi mchanga anaona vizuri kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni pake, kama vile uso wako ukimnyonyesha, na anapenda vitu vyenye kutofautiana sana, nyeusi na nyeupe, kwa hiyo hata ukichora duara nene na kalamu ya maka kwa kadibodi anatosheka. Kuanzia anapokaa mpaka mwaka na nusu hivi ni kurasa ngumu za kadi, nyuso za watu na vitu anavyoviona nyumbani, na jua kabisa kwamba kitabu kitaliwa, usimpigie kelele. Baada ya hapo ni hadithi fupi zenye maneno yanayorudiwa rudiwa. Akifika minne mitano ndo anaanza kutaka kisa chenye kitendo na mtu mbaya.

Hapa na picha za ng'ambo

Watu wanabishana sana kama ni sawa kumpa mtoto wa Mombasa kitabu chenye theluji na mabomba ya moshi juu ya paa. Mie naona hamna ubaya, mradi kisiwe ndo chakula cha kila siku. Nilikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza, ukurasa wote mweupe, miti myeupe, mtoto amevaa makoti, nikamuuliza wa katikati hapa kumetokea nini, akatazama, akatazama, akasema "wamemwaga machicha". Machicha ya nazi! Kijiji kizima kimefunikwa na machicha! Tukakaa hapo dakika kumi tukipanga ni nazi ngapi zimekunwa na nani atafagia. Ningeweza kumkatiza nimwambie hapana hiyo ni theluji, ni baridi, sema theluji, na tungekuwa tumemaliza ukurasa kwa sekunde tano na yeye amejifunza kwamba jibu analo mama. Theluji nilimweleza kesho yake, tukitoa barafu kwa friji ya jirani.

Lakini mtoto anahitaji pia kujiona. Anahitaji kuona kanga imetandikwa, baraza, mkokoteni wa maji, tuktuk imebeba magodoro mpaka dereva haonekani. Ukipata kitabu cha namna hiyo, hata kama karatasi yake ni mbaya, kinunue.

Halafu kuna lugha. Vitabu vingi vya Kiswahili vimeandikwa kwa Kiswahili cha vitabuni, na vingine vimetafsiriwa na mtu sijui alikuwa na haraka ya wapi. Tulikuwa na kimoja kina picha ya ndovu na chini yake imeandikwa tembo. Mkubwa akamsomea bibi yake kwa sauti, "tembo mkubwa anakunywa maji mtoni". Bibi akauliza nani amelewa. Kwake yeye tembo ni ile inayogemwa mnazini, mnyama ni ndovu, na Pembe za Ndovu, zile kubwa zilizopita juu ya barabara mjini, ziko pale Moi Avenue kila mtu anaziona, hakuna aliyewahi kuziita pembe za tembo. Sasa kwetu kila tukifika ukurasa huo lazima mtu aseme "amelewa huyu". Usione haya kubadilisha maneno ya kitabu. Kama kwenu ni mwana sema mwana, kama bibi anasema mato badala ya macho mwache aseme mato, mtoto atapata yote mawili, la nyumbani na la shule, na hatachanganyikiwa. Kitabu cha Kiingereza nacho usisome sentensi halafu utafsiri halafu usome tena, hiyo inaua kila kitu. Funika maneno, simulia kwa lugha yenu. Kiingereza kitakuja, hakina haraka, mwalimu wake yuko analipwa.

Namna ya kusoma chenyewe

Mpakate au mkae bega kwa bega, kitabu kikae kwa mapaja yake sio yako. Yeye ndo afungue. Akifungua kurasa tatu kwa pamoja basi hadithi imeruka kurasa tatu, utajua mwenyewe vile utaiunga.

Jalada lipe muda. Watu wanaliruka. Muulize unadhani humu ndani kuna nani, atafanya nini. Sisi kabla ya kufungua lazima iitwe, bibi akisema Paukwa! watoto wanajibu Pakawa! halafu anatiririka "paliondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwanasiti, vijino kama chikichi, vya kujengea kikuta, na vilango vya kupitia", na huyu wa mwaka mmoja hajui hata neno moja hapo lakini akisikia Paukwa anaacha anachofanya anatambaa anakuja. Kama huko kwenu ni hadithi hadithi, hadithi njoo, sawa pia. La muhimu ni mtoto awe na kitu cha kuitikia, ajue mlango umefunguliwa.

Kisha ukurasa wa kwanza, nyamaza. Hapa ndo pagumu kwa sisi watu wazima, tunataka kujaza. Hesabu moyoni mpaka tano pole pole, mtoto macho yake yanatembea kwenye picha, na utaona kidole kinakwenda chenyewe mahali. Hapo alipoweka kidole ndo hadithi yake inaanzia, hata kama ni mdudu pembeni na mhusika mkuu yuko katikati anaungua.

Maswali kuna ya kuuliza na kuna ya kuacha. Hii ni rangi gani, hawa ni wangapi, hii ni herufi gani, acha, au uliza mara moja moja tu. Huo ni mtihani, na mtoto ananusa mtihani toka mbali. Namuona mzazi mwenzangu mmoja mtoto wake akifungua kitabu tu anaanza "B ya nini? B ya nini?" mpaka mtoto sasa akiona kitabu anakimbilia nje, na mamake anasema ati hapendi kusoma. Kitabu cha picha sio tusheni. Uliza: hapa kunaendelea nini? huyu mbona amenuna? wewe ungefanyaje? unasikia harufu gani hapo jikoni? Maswali ambayo hata wewe huna jibu.

Na akijibu, mrefushie. Akisema "gari", unasema "eeh, gari, tena lori la mchanga, limekwama". Akisema "limekwama", wewe "limekwama kwenye matope, dereva ameshuka anajikuna kichwa". Usimrekebishe, chukua lake uliongezee nyama. Hii wala sio ya kwetu peke yetu, mwaka 1988 mtafiti wa Marekani Grover Whitehurst na wenzake waliwafundisha wazazi wa watoto wa miaka miwili miwili kufanya hivyo hivyo, waulize maswali ya wazi, wasubiri, warefushe jibu, kwa wiki nne tu, na wale watoto wakawa wanajieleza vizuri kuliko wenzao ambao wazazi wao walisoma kama kawaida. Wiki nne. Nilipojua hilo nilimwangalia mama mkwe wangu nikaona huyu angekuwa profesa.

Kuhusu kurudia: atataka kitabu kile kile. Leo, kesho, kesho kutwa, mpaka uchoke ukifiche juu ya kabati. Usifiche. Kila mara anaona kitu kingine, na kuna siku atakunyang'anya akusomee wewe, maneno atakuwa ameyashika kwa kichwa, atafuata na kidole kinyume kabisa, na utulie umsikilize. Wa katikati alipomsomea ami yake kwa mara ya kwanza ami alidhani anajua kusoma kweli, akampa shilingi hamsini, na mtoto hajasema kitu.

Sauti fanya. Fisi awe na sauti yake ya puani, kobe aongee pole pole mpaka wachoke. Baba watoto ni mtu wa aibu hawezi sauti, lakini yeye anajua milio, meli ikipiga honi, kreni, lori likirudi nyuma tii tii tii, kwa hiyo vitabu vya magari na bahari ni vyake, akitoka shifti hata saa ya kuoga hajapewa. Kila mtu ndani ya nyumba atafutiwe kitabu chake. Mkubwa anawasomea wadogo wakati mie nakaanga mahamri, na mahamri hayaungui siku hizi kama zamani.

Saa gani? Wanakwambia kabla ya kulala, lakini hapa kwetu saa ya kulala wengine wako hoi kwa joto na chuo na shule. Jaribu mchana wakitoka kula, au kile kipindi cha kungoja Magharibi mwezi wa Ramadhani watoto wako na njaa na hasira, kitabu kimoja kinasogeza dakika ishirini. Foleni ya kliniki pia nzuri, beba kimoja kwa mkoba wa nepi. Kwenye feri ya Likoni mie nimejaribu nikashindwa, watoto wenyewe wanataka kuangalia maji, na wako sawa. Stima ikipotea ndo raha kabisa, tochi ya simu ikae nyuma ya kitabu upate vivuli ukutani, mtoto mmoja afanye vidole viwe masikio ya sungura, kitabu kimeshasahaulika hapo na haidhuru.

Dakika tano zinatosha. Akiondoka katikati mwache aondoke.

Kama huna hela ya vitabu

Kwanza kuna maktaba ya umma hapa Mombasa, na upande wa watoto upo, nenda na mtoto mwenyewe achague. Atachagua kibaya, mwache.

Pili simu. Kuna African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, na kuna StoryWeaver ya Pratham Books ya India iliyoanza 2015. Kote kuna vitabu vya picha vya Kiswahili bure na lugha nyingine nyingi za Kenya, vimepangwa kwa ngazi kutoka neno moja kwa ukurasa mpaka aya ndefu. Unadaunlodi ukiwa mahali pa waifai, nyumbani hutumii bando. Vingi leseni yake inakuruhusu kuprinti na hata kuandika maneno yako mwenyewe kwenye picha zao, mradi uwataje waliotunga na kuchora, na vingine hawataki uuze, yote wameandika kwenye kitabu soma kabla. Ukisomea kwa simu shika wewe na uzime data, la sivyo mko kwenye sehemu tamu mamba amefungua mdomo inaingia meseji ya deni.

Mie naona afadhali kuprinti. Peleka saiba, kwa wale wa kompyuta na printa, printi nyeusi na nyeupe maana ya rangi ni bei, halafu wape watoto kreyoni wapake wenyewe. Mamba wetu ni wa pinki.

Tatu, na hii ndo ninayoipenda, tengeneza. Karatasi moja ya A4 inatoa kitabu cha kurasa nane bila pini wala gundi. Ilaze kwa upana, ikunje nusu kwa urefu wake ufungue, ikunje nusu kwa upana ufungue, kisha kila ncha ilete mpaka mstari wa katikati ufungue, sasa una vyumba nane. Ikunje tena nusu kwa upana, ncha fupi kwa ncha fupi, uchukue mkasi ukate kuanzia pale kwenye mkunjo ukifuata mstari wa katikati mpaka ufikie mkunjo unaofuata tu, usipitilize. Fungua, utaona mpasuko katikati ya karatasi. Ikunje kwa urefu, shika ncha mbili usukume ziende katikati, mpasuko unafunguka kama mdomo wa samaki, endelea kusukuma mpaka majani yakutane, yazungushie yalale upande mmoja. Ndo kitabu. Namba za kurasa weka na penseli baada ya kukunja, usiandike kabla, mie nilianza kabla nikapata kitabu nusu yake imesimama kichwa chini.

Cha kwanza kutengeneza kilikuwa cha nazi. Jalada ni mnazi. Halafu kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, hapo watoto wamekwenda kwa muuza madafu kuomba kidaka kilichoanguka ili wachore vizuri na kitale wakakiweka dirishani mpaka kikanyauka. Ukurasa wa saba ni kukuna, nikamwambia wa katikati chora mbuzi. Akachora mbuzi. Mbuzi wa miguu minne, ndevu, pembe, na nazi mdomoni. Bibi alipoona alicheka mpaka akavua miwani, na tukauacha hivyo hivyo manake mbuzi ya nazi nayo kwani sio mbuzi, ina meno, ukiikalia vibaya inakung'ata. Nyuma ni sahani ya wali, na kwa kona kuna alama ya mafuta ya kweli.

Ukitaka kinene zaidi chukua karatasi nne uzikunje nusu, hizo ni kurasa 16, jalada weka kadibodi ya boksi la sabuni. Shona na mshipi wa kuvulia, ule mwembamba, usipige pini. Mshipi hauoti kutu na kitindamimba ameshajaribu kuukata na meno ameshindwa. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, ingiza sindano tundu la kati kutoka ndani kwenda nje, rudi ndani kwa tundu la juu, shuka moja kwa moja mpaka la chini utoke nje, rudi ndani kwa la kati, funga fundo juu ya ule uzi mrefu. Mshipi unateleza, piga fundo mara tatu na uchome ncha na kiberiti kidogo (mbali na karatasi, nasema kwa sababu).

Kutunza

Mwezi wa tano na mvua zake vitabu vinavimba na kuota ukungu wa kijani. Usiviweke boksi sakafuni, mchwa, na usivifungie kwenye ndoo ya plastiki, vinajifunikia unyevu wao. Sisi vinakaa kwenye kikapu cha ukili kimetundikwa ukutani chini chini mtoto afikie, majalada yametazama nje, hewa inapita. Mara moja kwa wiki nikianika nguo navitoa navyo, kivulini penye upepo, jua kali linakula rangi. Mende wanapenda gundi ya mgongo kwa hiyo usile na kitabu mkononi, hii sheria ni mie tu naifuata humu ndani. Kikichanika selotepu ile pana, pande zote mbili, siku hiyo hiyo, na mtoto aliyechana ashike mkasi asaidie badala ya kuchapwa.

Kile cha mvuvi na pweza kilichokosa mwisho hatukukitupa. Kila usiku mmoja alikuwa anatoa mwisho wake, mkubwa alisema mvuvi alimwekea pweza ndimu akamwachia, wa katikati akasema pweza alikuwa anataka tu kusalimia ana mikono mingi, baba yao akasema mvuvi aliamka. Huo wa baba ulikataliwa na wote. Mwishowe tukachora mbili, wa ndimu na wa kusalimia, tukabandika zote na selotepu, kwa hiyo sasa kina miisho miwili na unachagua. Shangazi yao wa Likoni alikuja Idi akakiomba kwa wanawe, nikaandika jina letu ndani ya jalada nikampa, na cha nazi pia. Vyote viwili viko ng'ambo ya feri mpaka leo, kila nikimpigia anasema wiki ijayo.